Klasi Zenye Nguvu Kupita Kiasi na Wahusika wa Mwendesha Mchezo

Kuna mstari mmoja ninaokutana nao mara kwa mara ninapopitia kanuni ambazo watunzi wenzangu wameziandika kwa ajili ya michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Mtunzi amebuni klasi mpya, tuseme mchawi anayerudisha saa nyuma au shujaa wa giza ambaye upanga wake hunyonya uhai. Ameijaribu, ameona kwamba inawafunika wahusika wengine wote, na badala ya kuipunguza makali au kuitupa, ameandika juu yake kwamba ni kwa ajili ya wahusika wa mwendesha mchezo tu. Msimamo wangu ni kwamba mstari huo hautibu ugonjwa uliokusudiwa. Mhusika anayeongozwa na mwendesha mchezo kwa kawaida hahitaji klasi hata kidogo, na klasi iliyokwisha kuandikwa kikamilifu, ngazi kwa ngazi, tayari imeandikwa kwa ajili ya mchezaji, hata onyo lake liwe kali namna gani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hiyo, nieleze istilahi chache kwanza. Klasi ni ule utaratibu wa uwezo ambao mchezaji humchagulia mhusika wake mwanzoni: mpiganaji, kasisi, mwizi, mchawi na kadhalika. Kila klasi ina jedwali linaloonyesha mhusika atapata nini akipanda kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2, kutoka ya 2 hadi ya 3, mpaka mwisho. Kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja. Wengine wote waliomo katika dunia ile ya kubuni, kuanzia muuza pombe mpaka mfalme, joka na jambazi wa njiani, huongozwa na kusemewa na mtu mmoja, mwendesha mchezo, ambaye pia ndiye mwamuzi wa kanuni. Hao ndio nitakaowaita wahusika wa mwendeshaji.

Swali la nani aruhusiwe kushika nguvu gani lina umri unaokaribia ule wa mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons, iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa na kampuni ya TSR nchini Marekani mwaka 1974, ilianza na klasi 3 tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka 1975, katika nyongeza ya kwanza ya kanuni hizo, druidi, yaani kuhani wa nguvu za asili, alitokea kama kiumbe wa kukabiliwa, yaani kama mhusika wa mwendeshaji. Mwaka 1976 nyongeza nyingine ikamgeuza kuwa klasi ya wachezaji. Ukuta kati ya pande hizo mbili ulidumu muda mfupi sana. Baadaye jarida la Dragon, la kampuni hiyo hiyo, likawa na desturi ya kuchapisha klasi mpya zilizobandikwa onyo kwamba ni za wahusika wa mwendeshaji. Mwaka 1980 pekee lilichapisha kwa mtindo huo antipaladini, ambaye ni kinyume kiovu cha paladini, yule shujaa mtakatifu mwenye upanga, pamoja na mchawi wa kike aliyetengewa klasi yake mwenyewe.

Tuyatazame maonyo yale kwa jicho la mtunzi wa kanuni. Nyingi za klasi hizo zilikuja na majedwali kamili, zikieleza ni pointi ngapi za uzoefu zinahitajika ili mhusika apande kutoka ngazi moja hadi nyingine. Adui anayetokea katika kikao kimoja, akapigana, akafa au akakimbia, anazihitajia nini pointi za uzoefu? Nani atamhesabia? Jedwali la kupanda ngazi lina maana kwa mtu atakayeishi na mhusika huyo kwa miezi au miaka, naye ni mchezaji. Ndiyo maana sishangai kwamba wasomaji waliziona klasi hizo kuwa zao, na kwamba mwaka 2010 kampuni ya Paizo, katika kitabu cha ziada cha mchezo wake wa Pathfinder kilichoandikwa mahususi kwa ajili ya wachezaji, ilimweka antipaladini miongoni mwa chaguo zilizo wazi kwao. Miaka 30 ilipita kati ya onyo na ruhusa, lakini mwelekeo wa safari ulionekana tangu siku jedwali lilipochorwa.

Kabla ya kufika kwenye marufuku kamili, watunzi wa zamani walijaribu breki nyingine mbili, na inafaa kuzichunguza kwa sababu bado zinajitokeza katika rasimu za leo. Ya kwanza ni uhaba. Katika kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha mwaka 1978, paladini alikuwa bora kuliko mpiganaji wa kawaida karibu kwa kila kipimo, ila mchezaji hakuruhusiwa kumchagua mpaka haiba ya mhusika wake, kimoja kati ya vipimo 6 vya kila mhusika vinavyopatikana kwa dadu, iwe 17 au zaidi kwa kipimo kinachoishia 18. Ukirusha dadu 3 za pande 6 na kujumlisha, njia za kupata 17 au 18 ni 4 tu kati ya 216, yaani chini ya asilimia 2. Kwa hesabu hiyo paladini angekuwa nadra kama ilivyotakiwa. Lakini kitabu cha mwendesha mchezo kilichofuata mwaka 1979 kilipendekeza njia nyingine: rusha dadu 4, iondoe iliyo ndogo kuliko zote, fanya hivyo mara 6, kisha yapange matokeo utakavyo. Sasa uwezekano wa kupata 17 au 18 katika mrusho mmoja ni 75 kati ya 1,296, na uwezekano wa kuipata angalau mara moja katika mirusho 6 unakaribia asilimia 30. Klasi iliyokusudiwa kuonekana kwa nadra ikawa ndani ya uwezo wa karibu mchezaji mmoja kati ya watatu.

Na hata kama uhaba ungebaki palepale, breki hii ina kasoro ya msingi. Uhaba unapunguza idadi ya watu wanaoingia mlangoni. Haufanyi lolote kwa yule aliyekwisha kuingia. Mchezaji aliyebahatika na dadu jioni moja anafurahia faida hiyo kwa kampeni nzima, yaani mfululizo wote wa vikao vya hadithi moja, na wenzake watatu au wanne waliokosa bahati wanailipia kila kikao. Kwao haisaidii kitu kuambiwa kwamba, kwa wastani wa meza zote duniani, paladini ni wachache.

Breki ya pili ilikuwa mwendo wa kupanda ngazi. Mpiganaji alihitaji takribani pointi 2,000 za uzoefu ili kufika ngazi ya 2, ilhali paladini alihitaji takribani 2,750. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 1985, kilicholeta klasi za kavalia (mpiganaji wa farasi) na barbariani (mpiganaji wa porini), kilimdai barbariani takribani 6,000, mara tatu ya mpiganaji, kwa sababu alirusha dadu ya pande 12 kwa pointi zake za uhai na alikuwa na vipaji vingine lukuki. Hii ni breki yenye mantiki zaidi, kwani angalau inaendelea kufanya kazi baada ya mchezo kuanza. Udhaifu wake ni kwamba inahamisha tatizo katika muda badala ya kulitatua: mchawi wa enzi zile alianza akiwa na dadu ya pande 4 ya uhai na uchawi mmoja kwa siku, akawa mzigo kwa wenzake, kisha baada ya ngazi kumi hivi wenzake wakawa mzigo kwake. Kusema kwamba mwanzoni alionewa na mwishoni akaonea, kwa hiyo hesabu zimelingana, ni kusahau kwamba kampeni nyingi hazifiki mwisho.

Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, lililotolewa na Wizards of the Coast baada ya kampuni hiyo kuinunua TSR, liliondoa breki zote mbili. Masharti ya kuingia katika klasi yalifutwa, na klasi zote zikapewa jedwali moja la pointi za uzoefu. Kitabu cha mwendesha mchezo cha toleo hilo kilikuwa na klasi 5 zilizotengwa kwa ajili ya wahusika wa mwendeshaji, na zote 5 zilikuwa dhaifu kuliko za wachezaji: raia wa kawaida, fundi, askari, mtu wa ukoo bora na mganga mdogo wa kijijini. Wakati huo huo klasi zilizovunja mizani kuliko zote zilikuwa katika kitabu cha wachezaji. Druidi wa marekebisho ya mwaka 2003 aliweza kujigeuza dubu, akaendelea kufanya uchawi akiwa katika umbo hilo kwa kipaji kimoja tu cha nyongeza, huku akisindikizwa na mnyama wake ambaye peke yake alikaribia kulingana na mpiganaji wa mchezaji mwenzake. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba druidi awe na nguvu kupita kiasi. Ilitokea kwa kujumlisha vipande ambavyo kila kimoja, kikitazamwa peke yake, kilionekana cha haki.

Nimesimama hapo kwa makusudi, kwa sababu mfano huo unaonyesha ni wapi hasa nguvu inauma. Druidi yule hakumdhuru joka, kwa kuwa joka halina hisia wala jioni ya kupoteza, na mwendesha mchezo anaweza kumwongezea pointi za uhai wakati wowote apendapo. Aliyeumia ni mchezaji wa mpiganaji, ambaye alichagua kuwa ngao ya wenzake kisha akagundua kwamba kuna dubu anayeifanya kazi hiyo vizuri zaidi na bado anabakiwa na uchawi. Katika bao, kila upande una kete 32 kati ya 64, na mchezo usingekuwa na maana kama upande mmoja ungeanza na kete 40, kwa kuwa wawili wale wanashindana. Mezani kwetu wachezaji hawashindani. Wanachogawana ni zamu, masikio ya wenzao na nafasi ya kuwa mtu ambaye bila yeye jambo lisingefanikiwa. Klasi ina nguvu kupita kiasi pale inapoila nafasi hiyo ya wengine, na kipimo hiki hakina uhusiano wa moja kwa moja na idadi ya madhara ambayo upanga unatoa.

Ukikubali kipimo hicho, hoja ya kuwatengea wahusika wa mwendeshaji klasi kali inapoteza nusu ya uzito wake mara moja. Mwendesha mchezo hana uhaba wa nguvu. Akitaka adui mwenye pointi 500 za uhai, anaziandika. Anachokosa ni zamu. Adui mmoja anayekabili wachezaji watano hupata tendo moja kwa kila matendo matano yao, na ukimpa klasi ya mchezaji, hata iliyo kali kuliko zote, matokeo huwa mojawapo ya mawili: ama tendo lake moja linamwondoa mchezaji mmoja mchezoni kabla hajafanya lolote, ama linakosea shabaha na adui anakufa kabla zamu yake haijarudi. Mchawi wa ngazi ya juu ni mfano ulio wazi. Katika kitabu cha viumbe cha toleo la tano, kilichotoka mwaka 2014, mchawi mkuu ana uchawi wa ngazi ya 18, hivi kwamba anaweza hata kusimamisha muda, lakini ana pointi 99 tu za uhai, na kitabu kinampa kiwango cha ugumu cha 12. Joka jekundu lililokomaa, ambalo halina klasi yoyote, lina pointi 256 za uhai na kiwango cha 17. Ngazi 18 za klasi yenye sifa ya kutisha hazikutosha kumfanya adui mkuu, kwa sababu klasi imeundwa kwa mtu mwenye wenzake wanne wa kumkinga.

Dawa ambayo watunzi wa toleo hilo waliipata haikuwa klasi. Waliwapa maadui wakubwa matendo ya ziada, kwa kawaida hadi 3 katika kila mzunguko, yanayotumika mwishoni mwa zamu za wengine, na uwezo wa kuamua mara 3 kwa siku kwamba uchawi uliowapata haukuwapata. Mtazame mhusika wa mchezaji akipewa vitu hivyo viwili: mchezo unavunjika papo hapo, kwa kuwa atakuwa anatenda baada ya kila mwenzake. Kwa adui aliye peke yake vinaleta mizani. Hizi ni nguvu zilizoandikwa kwa ajili ya nafasi yake katika mpambano, na hakuna mchezaji niliyewahi kumsikia akilalamika kwamba ananyimwa, kwa sababu hazina sura ya kitu ambacho mtu hujifunza na kupanda nacho ngazi. Toleo la nne la mwaka 2008 lilikwisha kufika hapo mapema zaidi, likiwaandika maadui kwa kanuni zao wenyewe na kuachana na zile za kuwaundia wachezaji wahusika, ingawa lilishutumiwa kwa mambo mengine mengi ambayo si ya leo.

Upande wa marafiki una hatari kubwa zaidi, na huwa hautajwi katika mjadala huu. Mtunzi anapoandika kwamba klasi fulani ni ya wahusika wa mwendeshaji, huwa anamfikiria adui. Lakini dunia ya mchezo ina pia wafadhili, walimu na wafalme wema. Dunia ya Forgotten Realms, iliyobuniwa na Ed Greenwood na kuanza kuchapishwa kama mazingira rasmi ya mchezo mwaka 1987, ina Elminster, mchawi mzee mwenye nguvu ambazo mchezaji wa kawaida hatazifikia kamwe, na yeye ni miongoni mwa watu wema. Malalamiko ya wachezaji dhidi ya wahusika wa aina yake ni ya zamani na yana haki: kama mzee huyu anaweza kuwamaliza majitu kwa ishara ya mkono, kwa nini anatutuma sisi? Kila jibu ambalo mwendesha mchezo analibuni, kwamba mzee ana shughuli nyingine kubwa zaidi, kwamba amekula kiapo cha kutoingilia, linazidi kuwakumbusha wachezaji kwamba hadithi muhimu inatokea mahali ambapo wao hawapo. Kuwaachia wahusika wa mwendeshaji klasi kali kunaila nafasi ya wachezaji kwa namna ile ile ambayo druidi aliila ya mpiganaji, ila safari hii wote wanaliwa kwa pamoja.

Katika michezo ya kompyuta inayochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, suala hili lina sura tofauti, na kisa cha Star Wars Galaxies ndicho kinachofundisha zaidi kuliko vyote ninavyovijua. Mchezo huo ulizinduliwa Juni 2003 na Sony Online Entertainment, na hadithi yake iliwekwa katika kipindi ambacho Jedai, wale mashujaa wenye nguvu za ajabu wa filamu za Star Wars, wamekaribia kutoweka kabisa. Kimantiki, Jedai alipaswa kubaki mhusika wa kompyuta. Kibiashara, karibu kila mnunuzi alitaka kuwa Jedai. Watengenezaji walichagua njia ya kati: kila mchezaji alikuwa na orodha yake ya siri ya taaluma ambazo, akizimudu zote, zingemfungulia uwezo huo, na mwanzoni Jedai aliyekufa mara chache tu angepotea moja kwa moja, huku wachezaji wenzake wakiwa na ruhusa ya kumwinda kwa malipo.

Jedai wa kwanza alipatikana Novemba 2003, baada ya vifaa vya kudokeza taaluma zilizofichwa kuingizwa mchezoni, na kuanzia hapo tabia ya jamii nzima ikabadilika. Mcheza muziki kwenye baa, mpishi na fundi wa silaha, ambao hadi wakati huo walikuwa watu waliochagua kazi hizo kwa kuzipenda, sasa wakachanganyika na umati wa watu waliozifanya kwa kuchoka, wakizimudu na kuziacha ili wajaribu nyingine. Uhaba uliokusudiwa kulinda hadithi uligeuka kuwa foleni ndefu. Kisha Novemba 2005 mageuzi makubwa yalizipunguza taaluma zaidi ya 30 kuwa 9, na mojawapo ya hizo 9, iliyo wazi kwa mchezaji mpya tangu dakika ya kwanza, ilikuwa Jedai. Waliotumia miezi kuifikia waliona jasho lao limemwagika, wengi wakaondoka, na mchezo ukafungwa Desemba 2011. Sidai kwamba Jedai peke yake aliua mchezo ule. Nadai kwamba palikuwa na njia mbili safi, yaani kumfanya Jedai mhusika wa kompyuta na kulitangaza jambo hilo tangu mwanzo, au kumpunguza akae sawa na taaluma nyingine na kumfungulia kila mtu. Njia ya kati iliutesa mchezo kwa miaka miwili, na ilipoachwa, iliachwa kwa namna iliyowakera wote.

World of Warcraft ilichagua njia ya pili. Mwaka 2002 shujaa wa kifo alikuwa Arthas, mwana wa mfalme aliyeanguka, katika mchezo uliotangulia wa Warcraft III. Novemba 2008 akawa klasi: ilimbidi mchezaji awe tayari na mhusika mwingine wa ngazi ya 55, na shujaa huyo mpya alianzia ngazi hiyo hiyo. Siku za mwanzo alikuwa na nguvu kupita kiasi, jambo ambalo watengenezaji wenyewe walilikubali, na masasisho yaliyofuata yakampunguza hadi akawa klasi kama nyingine. Hadithi ya Arthas haikuharibika kwa hilo, kwa sababu nguvu zilizomfanya awe wa kutisha, utawala wake juu ya jeshi zima la wafu na kiti chake cha enzi, hazikuwa sehemu ya klasi hata siku moja.

Mahali ambapo marufuku inafaa bila ubishi ni kwenye mashindano ya ana kwa ana. Akuma, bosi aliyefichwa wa mchezo wa video wa mapigano wa Super Street Fighter II Turbo wa mwaka 1994, angeweza kuchaguliwa na mchezaji kwa mbinu ya siri ya vitufe, na mashindano yalimpiga marufuku kwa kuwa mapigo yake ya angani hayakuwa na jibu la kuridhisha. Pale mantiki ya bao inarudi kikamilifu, na sina la kuongeza.

Ipo pia njia ambayo watunzi wengi wa sasa wanaisahau, nayo ni kukiri kutolingana kwa nguvu na kuzigawa kwa zamu. Ars Magica, iliyotungwa na Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen na kutoka mwaka 1987, haijifanyi kwamba mchawi wake analingana na mtu wa kawaida. Anamzidi mbali, na kanuni zinasema hivyo waziwazi. Lakini kila mchezaji ana mchawi wake, ana pia msaidizi mwenye kipaji, na wote kwa pamoja wanamiliki kundi la walinzi na watumishi. Katika safari moja mchawi wangu anatoka na wewe unaigiza mlinzi wake. Katika safari inayofuata wako anatoka na mimi ninabeba mkuki. Hata uendeshaji wa mchezo unaweza kuzunguka. Nguvu kupita kiasi inakuwa zamu, na zamu ni kitu ambacho kila mtu mezani anajua kuisubiri. Mtindo huu unahitaji kundi linalokutana mara kwa mara na lisilo na choyo, kwa hiyo siupendekezi kwa watu waliokutana jana; lakini unathibitisha kwamba mhusika mwenye nguvu za kutisha anaweza kukaa mikononi mwa mchezaji bila kuwadhulumu wengine, mradi asikae humo daima.

Sasa niseme ni nini ninachokihifadhi mimi mwenyewe, kwa sababu nisingependa ieleweke kwamba nafungua milango yote. Ninahifadhi nguvu zinazofuta uamuzi wa mtu mwingine: kuitawala akili yake kwa muda mrefu bila nafasi ya kujinasua, au kurudisha nyuma jambo ambalo wengine wamekwisha kulitenda. Zikiwa mikononi mwa mchezaji, nguvu hizo zinawafanya wenzake kuwa watazamaji. Zikiwa mikononi mwa adui, nazo pia ni hatari, kwa hiyo ninazitumia kwa uchache na mbali na mpambano, kwa mfano kama jambo lililowapata watu wa mji kabla wachezaji hawajafika. Kwa maneno mengine, nguvu nyingi ambazo watunzi wanataka kuwatengea wahusika wa mwendeshaji kwa sababu ni mbaya mno kwa wachezaji kuzitumia ni mbaya vilevile kwa wachezaji kutumiwa. Kuzihamisha upande wa pili wa meza hakuzisafishi.

Linabaki swali ambalo mchezaji mwerevu huliuliza kila mara: ikiwa yule adui aliweza kujifunza jambo hili, kwa nini mhusika wangu asiweze? Ni swali la haki, na jibu la kwamba kitabu kimekataza ni jibu dhaifu, kwa kuwa kitabu hakimo ndani ya hadithi. Jibu zuri zaidi nililoliona katika kanuni rasmi ni la kitabu cha mwendesha mchezo cha toleo la tano, cha mwaka 2014, ambacho kilimweka paladini aliyevunja kiapo miongoni mwa chaguo za waovu, akiwa wa kuchukuliwa na mchezaji kwa idhini ya mwendesha mchezo tu. Masharti yake ni kwamba awe mwovu na awe amefika angalau ngazi ya 3 ya upaladini, yaani lazima kiapo kiwepo ndipo kivunjwe. Kuanzia ngazi ya 7 anazungukwa na hali ya chuki inayoongeza madhara ya mapigo yake, pamoja na ya mashetani na wafu wote walio ndani ya futi 10 kutoka kwake. Kanuni haisemi wawe wafu walio upande wake. Adui anayesimama katikati ya jeshi la mifupa hunufaika mno na maneno hayo. Mchezaji anayeyachukua na kwenda kupigana na jeshi hilo hilo anawanoa wanaomkata.

Hivyo ndivyo ninavyoandika siku hizi mchezaji anapoomba nguvu ya adui aliyemshinda. Naigawa nguvu ile katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yaliyotokana na nafasi ya adui: matendo yake ya ziada, ukinzani wake, watumishi wake, ngome inayomtii. Hayo hayarithiwi, na sihitaji kulieleza kwa kirefu, maana yalikuwa ya kikao kile. Fungu la pili ni yale aliyojifunza au aliyoyalipia, na hayo nayaweka mezani pamoja na bei aliyoilipa yeye, bila punguzo: kiapo kilichovunjwa, jina lililofutwa, kijiji kisichomkaribisha tena. Kisha nawauliza wachezaji wengine, kabla ya yule aliyeomba, kama kuna jambo katika fungu hilo ambalo mmoja wao tayari analifanya na angependa kuendelea kuwa yeye anayelifanya. Likiwepo, nalitoa au nalibadilisha, hata kama kwa hesabu ya madhara lilikuwa dogo kuliko yote.